Pamba Yaenda, Nguo Yaja: Biashara ya Nje na Kazi za Viwandani

(Maneno yaliyosomwa Nyegezi, Mwanza, mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao huko. Yanachapishwa hapa kwa faida ya matawi ya Unguja na Pemba.)



Tumeombwa tuseme juu ya biashara ya nchi za nje na kazi za viwandani, nasi tumeuitikia wito huo kwa furaha, ijapokuwa twajua kwamba somo hili lina sifa ya kuwalaza watu usingizi, khasa baada ya chakula cha mchana. Walakini mtu akaaye hapa Nyegezi hana haja ya kitabu ili alielewe. Na asimame ukingoni mwa barabara kuu itokayo mjini Mwanza kwenda Shinyanga, siku za msimu, atazame malori. Ataona yaendayo kusini yamepakia marobota ya pamba iliyokwisha chambuliwa, safari yake bandarini. Ataona na yajayo mjini yamepakia marobota vile vile, ila haya ni ya mitumba. Robota la pamba na robota la nguo kuukuu hupishana hapa mbele yetu, na katika kupishana kwao ndimo ulimo mjadala wote. Kati ya pamba kutoka na nguo kurudi kuna kazi ya kusokota, ya kufuma, ya kutia rangi na ya kushona. Kazi hiyo imefanywa na nani, na ujira wake umeliwa na nani?

Katika chama chetu ziko rai mbili juu ya jambo hili, na kila moja ina watu wake wenye sauti. Wako wasemao: fungeni mlango, zuieni bidhaa za wageni, na viwanda vitaota vyenyewe. Wako wasemao: fungueni mlango wote, mwenye kuuza rahisi na auze, na kazi zitakuja kwa njia nyingine. Sisi hatukuridhika na rai hizi zote mbili, na sababu zetu tutazitoa katika mambo yaliyotokea hapa ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Ni rahisi kubishana juu ya Geneva na Washington ambako wengi wetu hatujafika, lakini jengo la kiwanda kilichosimama kila mtu aweza kulizunguka kwa miguu.

Kabla ya kuwasema wenyeji wetu, kwanza tujiseme wenyewe. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na katika mkataba ule ushuru wa bidhaa zinazoteremshwa uliwekwa asilimia 5. Mwaka 1839 Waingereza nao wakapata mkataba wa namna hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba mwenye nchi alikwisha jifunga mkono: hata angetaka kuzidisha ushuru ili kumlinda mfumi wa nguo wa pwani au wa bara, asingeweza bila ya kuvunja ahadi yake kwa dola zenye manowari. Basi majahazi ya Salem yakaleta nguo nene isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, na watu wakaipenda hata ikachukua jina la nchi ilikotoka. Mpaka leo bibi zetu wanaiita marekani. Misafara iliibeba mpaka Tabora na mpaka kwenye ziwa hili, nayo ikalipiwa kwa pembe za ndovu, kwa karafuu, na, jambo ambalo si halali kulificha, kwa watu waliouzwa.

Bara wakati ule kulikuwa na wafumi. Wasafiri wa Kizungu waliopita Unyamwezi katika miaka ya 1850, Burton akiwa mmoja wao, walikuta watu wakifuma pamba yao wenyewe, na Ufipa ilikuwa na sifa ya nguo nzito za kudumu. Vitanda vile vya wafumi vilitoweka kidogo kidogo. Hakuna aliyevivunja kwa nguvu. Nguo ya mashine ilikuwa rahisi, na kijana hakuona sababu ya kujifunza kazi ya babu yake.

Lililofuata ndilo tunalotaka mlikumbuke mpaka mwisho wa maneno yetu. Mwaka 1861 Wamarekani wakapigana wao kwa wao, vita vikaendelea mpaka 1865, na nguo yao ikaadimika Unguja. Mtu angedhani kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mfumi wa Unyamwezi kurudi kitandani mwake. Hasha. Nafasi ile ilichukuliwa na viwanda vya Bombay. Mgeni mmoja alipotoka aliingia mgeni mwingine, kwa sababu ufundi wa kienyeji ulikwisha punguka, na aliyebaki nao hakuwa na mashine, wala mtaji, wala njia ya kupeleka mali sokoni.

Sasa tuje Mwanza. Chini ya Waingereza pamba ya Usukumani ililimwa ili isafirishwe ikiwa ghafi. Reli kutoka Tabora ilipofika hapa mwaka 1928, mzigo wake mkubwa wa kwenda pwani ulikuwa pamba, na wa kurudi ulikuwa bidhaa za madukani. Wakulima walilalamikia mizani ya wanunuzi, na katika malalamiko hayo ya mizani, jambo dogo kwa macho ya wakubwa wa wakati ule, ukazaliwa ushirika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Victoria Federation chini ya uongozi wa Paul Bomani, na haukupita muda ikawa miongoni mwa jumuiya kubwa za ushirika barani Afrika, yenye vinu vyake vya kuchambulia pamba. Wakulima wale hawakuwa na digrii, lakini waliijua hesabu hii: pamba inayotoka shambani, thuluthi yake moja hivi ni nyuzi na thuluthi mbili ni mbegu. Mwenye kinu hubaki na mbegu, akakamua mafuta, na mashudu akalisha ng'ombe. Kumbe hata hatua moja tu ya kazi ikifanywa nyumbani, yamekwisha patikana mafuta ya kupikia na maziwa.

Mwishoni mwa miaka ya sitini kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Mwatex, wakati mmoja na kile cha Urafiki kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Mtu aliyetoka Magu au Kwimba akijua jembe tu, baada ya miaka michache alikuwa fundi wa mashine ya kufumia, akijua kwa kusikiliza mlio wake kwamba uzi umekatika wapi. Jirani yake alijifunza kuchanganya rangi. Mwingine alichora khanga. Nje ya geti waliishi kwa kiwanda kile wapishi, wapangishaji wa nyumba, waendesha magari na mafundi wa kuchonga vyuma. Haya ndiyo yanayosahauliwa na wale wanaohesabu majina yaliyomo katika daftari la mishahara tu.

Serikali ya wakati ule ilizuia nguo za nje kuingia ovyo, na kwa miaka kadhaa kizuizi kile kilifanya kazi yake. Basi kwa nini kiwanda kilidhoofika?

Wenzetu wa rai ya kufunga mlango hujibu kwamba kiliuawa na mitumba. Tarehe hazikubaliani nao. Mlango wa bidhaa za nje ulianza kufunguliwa mwaka 1984, Bara na Zanzibar pia, na mwaka 1986 ukafuata mpango uliokubaliwa na Shirika la Fedha la Dunia, shilingi ikateremshwa thamani. Kiwanda kilikwisha ugua kabla ya hapo. Pamba ilikuwa ya nyumbani, lakini rangi, madawa, vipuri na mafuta ya mitambo vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilipatikana kwa kuuza nje pamba, kahawa na katani. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 na tena 1979, na vita vya Kagera vilipokuja 1978, fedha zile ziliyeyuka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimefutwa, na mkulima akalipwa kwa kuchelewa mpaka akaona heri alime mahindi. Ndipo likatokea jambo la ajabu: ili kiwanda kipate kipuri ilibidi pamba iuzwe nje, na pamba ikiuzwa nje kiwanda hakina cha kusokota.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka miaka ile ya mwanzo wa themanini, foleni za khanga, na misiba ambayo hata sanda ilikuwa taabu kupatikana. Mlango ulikuwa umefungwa kweli kweli, na nchi inayolima pamba haikuwa na nguo. Kwa hiyo asitwambie mtu kwamba kiwanda kilicholindwa hakitegemei biashara ya nje. Kinaitegemea kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ukikwama hufa kimya kimya bila ya mshindani yeyote.

Sasa tuwageukie wenzetu wa rai ya pili, ambao pengine walikuwa wakitabasamu. Mlango ulipofunguliwa bidhaa zilijaa, hilo ni kweli, na watu walivaa. Lakini kiwanda kigonjwa hakikupewa muda wa kupona. Mashine zilikuwa za kale, umeme ulikatika, riba ya benki ilipanda, na nguo ya nje iliingia pamoja na ile iliyokwepa ushuru. Mgonjwa alitolewa kitandani akaambiwa ashindane mbio. Katika miaka ya tisini Mwatex ilisimama, ikabinafsishwa, ikafufuliwa kwa nusu nusu, wala haikurudi kuwa mwajiri wa zamani. Musoma nako kiwanda cha nguo kilipatwa na mambo ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya pamba inayochambuliwa nchini, zaidi ya thuluthi mbili, imekuwa ikitoka nje ikiwa nyuzi ghafi. Fundi aliyejua mlio wa mashine akawa mlinzi wa usiku, au akarudi kijijini, na ufundi wake ukazeeka pamoja naye.

Wapo watakaosema kazi hazikupotea bali zilihama, na watatupeleka soko la Mlango Mmoja hapa mjini watuonyeshe umati wa wauza mitumba. Umati upo, nasi hatutawatukana watu wale. Wanalea watoto, wanalipa ada za skuli, na mafundi cherehani wanapata riziki kwa kupunguza na kugeuza nguo zao. Maskini anayenunua koti la mtoto kwa bei anayoiweza hakutenda kosa lolote. Ila kazi ya kuiuza nguo haifanani na kazi ya kuitengeneza. Muuza mitumba wa mwaka wa kwanza na yule wa mwaka wa ishirini wanafanya kazi ile ile. Hawaombi pamba kwa mkulima wa Bariadi, hawamlei fundi wa mashine, hawaiti shule ya ufundi ifunguliwe. Uchumi wa nchi hukua pale kazi ya leo inapomfundisha mtu kazi iliyo ngumu zaidi ya kesho, na robota la mitumba likishafunguliwa somo limekwisha.

Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliliona hilo, wakaazimia kuziondoa nguo kuukuu katika masoko yao kufikia mwaka 2019. Yaliyofuata yafaa kusomwa na kila mwanachama. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilishitaki kwa serikali yao kwamba azimio lile linaharibu biashara yao. Marekani ikazikumbusha nchi zetu juu ya sheria yake ya AGOA ya mwaka 2000, ambayo huziruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ya ushuru, na kwamba anayefaidika nayo aweza kutolewa. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zililegea. Rwanda ilibaki na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na mwezi wa Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha huo.

Wako waliowaita viongozi wetu waoga. Sisi twaona hesabu ilikuwa ngumu kuliko hivyo. Kenya ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, aghlabu wanawake, wanaoshona nguo za kuuza Marekani katika viwanda vya Athi River na kwingineko, na kazi zile zilikuwa rehani. Na jambo lenyewe lina kichekesho chake: sheria ile iliruhusu washone kwa kitambaa cha nchi yoyote, nao wakashona kwa kitambaa cha Asia, hali pamba ya Usukumani inapita baharini kuelekea Asia hiyo hiyo. Muda wa sheria ile ulipofika mwisho mwezi wa Septemba 2025, kabla ya wakubwa wa Washington kukubaliana kuuongeza, washonaji wale walijua maana ya kula kwa mkono wa mtu mwingine.

Tena tusijidanganye. Lau mitumba ingepigwa marufuku leo jioni, nafasi yake ingejazwa kesho na nguo mpya rahisi za Uchina, kama vile nguo ya Bombay ilivyojaza nafasi ya marekani. Tangu Januari 2005 mgao wa zamani wa biashara ya nguo duniani ulipoondolewa, viwanda vikubwa vya Asia vinauza wanapotaka. Kuondoa robota moja barabarani si kuwasha mashine. Mashine huwashwa na umeme usiokatika, mkopo wa riba nafuu, fundi aliyesomeshwa na mkulima anayelipwa siku ile ile. Ushuru wa kulinda hufaa pale mambo hayo yanaposhughulikiwa chini ya kivuli chake, tena kwa muda unaojulikana. Ukiwekwa bila ya hayo, anayeulipa ni mvaaji.

Na mkulima naye anadhulumiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Marekani huwapa wakulima wake wa pamba ruzuku kubwa, na pamba yao huishusha bei ya soko la dunia. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zililipeleka shauri hilo mbele ya mkutano wa biashara wa Cancún, na mkutano ukavunjika bila ya mapatano. Wanaotuhubiria juu ya mlango wazi wana pazia nene katika milango yao.

Baada ya pamba tuje kwenye samaki, maana hapa rai ya kwanza inapata mtihani wake. Sangara alipandikizwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960. Akawala furu wengi, hata aina nyingi zikatoweka, na yeye akaongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati mashine za Mwatex zinanyamaza, vilijengwa Mwanza viwanda vya kukata minofu na kuigandisha kwa ajili ya Ulaya. Mlango ule ule uliowanyima kazi wafumi uliwapa kazi wakata minofu, tena maelfu, na wavuvi, na watengeneza mitumbwi, na wauza barafu. Anayesema kwamba biashara ya nje huvunja viwanda tu, na aje Mwanza aulizie.

Lakini aulizie pia juu ya mwaka 1999. Mnamo 1997 na 1998 Ulaya ilikwisha weka vizuizi kwa khofu ya vijidudu na kipindupindu. Mwaka 1999 zikazagaa khabari za watu wanaovua kwa sumu, na Jumuiya ya Ulaya ikaufunga mlango kwa samaki wa ziwa lote, mwenye hatia na asiye na hatia. Viwanda vilisimama au vikafanya kazi robo. Vibarua waliambiwa wasije. Bei ya sangara mwaloni ilianguka. Ukubwa wa ziwa ulikuwa ule ule, samaki walikuwemo, visu vilikuwa vikali, na kazi haikuwepo, kwa sababu mnunuzi wa maana alikuwa mmoja naye ameandika barua.

Mlango ulifunguliwa tena, nasi tunapenda wanachama wajue ulifunguliwaje. Haukufunguliwa kwa kulia. Ulifunguliwa baada ya nchi kuonyesha kwamba yaweza kumpima samaki wake yenyewe: wakaguzi wakafunzwa, mialo ikasafishwa na kuezekwa, vipimo vikafanywa na kuandikwa. Maabara ya taifa ya kupima ubora wa samaki iko hapa hapa Nyegezi, na Chuo cha Uvuvi nacho ki jirani. Wengi wetu tumepita mbele ya majengo hayo kila siku bila ya kuyatazama mara mbili. Mle ndani kuna vijana wenye makoti meupe ambao saini zao huamua kama kiwanda kitafanya kazi kesho. Ikiwa mtoto wako anapenda kemia na wewe unamwambia akasome sheria, mfikirie upya.

Lipo soko jingine ambalo watu wa takwimu hulipuuza, nalo ni mwaloni Kirumba. Pale wanauzwa dagaa waliokaushwa, na kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa akatiwa chumvi na kuanikwa. Wanunuzi wanatoka Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na mikoa yetu. Faida ya robota moja ni ndogo kuliko ya sanduku la minofu, lakini wanunuzi ni wengi, na kazi ya kupasua, kutia chumvi, kuanika na kufunga inafanywa hapa hapa, sehemu kubwa kwa mikono ya wanawake. Mmoja akifunga mlango wake hubaki milango minne. Hiyo nayo ni biashara ya nchi za nje, ijapokuwa haivai tai.

Hatusemi kwamba khabari ya samaki ni njema mpaka mwisho. Minofu ilipokwenda Ulaya, mjini yalibaki mapanki, na mafupa yale yaliyokaangwa yakawa kitoweo cha wasio na uwezo. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyaonyesha hayo duniani, ikazusha hasira na ubishi mkubwa hapa Mwanza, kwa kuwa iliwaonyesha watu wa mji huu katika uchafu na ikanyamaza juu ya kazi zao. Siku hizi bondo la sangara lililokaushwa hununuliwa na Wachina kwa bei inayopita mara nyingi bei ya minofu, na tamaa hiyo nayo inalisukuma jarife. Sangara wakubwa wamepungua. Sheria ilikuwa ikisema viwanda vipokee wenye urefu wa sentimita 50 mpaka 85, na mwaka 2018 serikali iliendesha Operesheni Sangara ikichoma nyavu haramu kwa ukali uliolalamikiwa na wavuvi wengi. Viwanda kadhaa vimefungwa au vinafanya kazi chini ya uwezo wake. Kiwanda kinachomaliza mali ghafi yake hakihitaji mshindani wa nje.

Basi tukitazama pamba na samaki pamoja, twaona kwamba kuuliza kama mlango uwe wazi au uwe umefungwa ni kuuliza nusu ya suala. Nusu iliyobaki ni hii: ni hatua ngapi za kazi zinazofanywa nyumbani kabla ya mali kutoka, wanunuzi ni wangapi, na nani mwenye ujuzi wa kuipima mali ile na kuirekebisha mashine siku inapoharibika. Mwatex ilikuwa na hatua nyingi za kazi, na ikakosa vipuri. Viwanda vya minofu vilikuwa na vipuri, na vikakosa mnunuzi wa pili.

Tumalizie kwetu Visiwani, maana hatukuja Nyegezi kuwahurumia Wasukuma. Karafuu zetu kwa miaka mingi zilinunuliwa kwa wingi na Indonesia, ambako watu huzichanganya na tumbaku ya sigara. Waindonesia wakapanda mikarafuu yao, ikakua, na kufikia miaka ya themanini hawakutuhitaji tena. Bei ikaanguka, na Pemba ikaanguka pamoja nayo. Hakuna aliyetudhulumu katika hilo; mnunuzi mkubwa alijifunza kulima, nasi tulikuwa hatujajifunza kuuza kitu kingine. Pale Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, na mafuta hayo yana wanunuzi wasiovuta sigara ya mtu. Khabari zake tunazisikia mara chache kuliko khabari za bei ya pishi.

Na mwani, ulioanza kulimwa Paje na Jambiani kwa ajili ya kuuzwa mwaka 1989, mpaka hivi leo sehemu yake kubwa sana inatoka mkavu na ghafi. Mama zetu wanaulima wakiwa majini mpaka kiunoni, wanauanika, wanauuza kwa kilo kwa wanunuzi wachache, na nchi za mbali zinautoa ule utomvu unaoingia katika dawa za meno na katika aiskrimu. Wako wanawake wanaotengeneza sabuni na mafuta kwa mwani huo, wachache bado, na kazi yao ni mwanzo wa kinu cha pamba cha Victoria Federation kwa namna yake.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wa matawi ya Unguja na Pemba, mtakapokutana na wawakilishi wenu kabla ya bajeti, msiulize tu bei ya mwani itapanda lini. Ulizeni wanunuzi wenye leseni ni wangapi katika kila wilaya, na nani kati yao anaukopesha kamba na vigingi kwa sharti la kuuziwa yeye peke yake. Ulizeni ni vijana wangapi wa Visiwani wanaosoma upimaji wa mazao ya baharini, katika chuo hiki cha Nyegezi na vinginevyo, na watapewa kazi wapi wakirudi. Ulizeni mafuta ya makonyo yaliuzwa kwa nani mwaka uliopita. Majibu mtakayopewa yaandikeni, pamoja na yale mtakayonyimwa, mkayalete kwa katibu wa tawi ili yachapishwe katika karatasi hii.